Dakika 40 za Mwanza hadi Bukoba

Simu ya dada ilinikuta zamu ya usiku, saa tisa kwa saa za Uingereza. Nyumbani ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Sisi tunaoishi mbali na kwetu tunaijua simu ya saa hizo. Mkono unakuwa mzito kuipokea. Nilitoka wodini nikasimama kwenye korido, karibu na chumba cha dawa.

"Mdogo wangu," dada alisema, "Baba ametutoka."

Ilikuwa Aprili 2024, usiku wa kuamkia Jumanne. Nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka kumi, kwanza nyumbani kwa stashahada, kisha huku baada ya kusoma shahada, na watu wengi nimewapa habari ya namna hiyo. Kupewa ni jambo jingine. Lakini sikukaa kuandika haya ili nisimulie kifo cha Baba. Nataka kuzungumzia namba moja niliyoiamini wiki ile, kwa sababu najua wengi wenu mnayo namba kama hiyo kwenye simu zenu.

Saa mbili baadaye Baba mkubwa alipiga mwenyewe.

"Shikamoo Baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Pole, jikaze. Sasa tuambie, unafika lini? Wazee wamekaa, wanataka kupanga siku."

Nikamwomba dakika tano. Kwetu ni kijijini, pembeni mwa barabara itokayo Bukoba kwenda Mutukula, si mbali na Kyaka kwenye daraja la mto Kagera. Nilikuwa nimeiona tiketi ya Manchester, Doha, Dar es Salaam kwa Jumanne ile ile jioni. Ndege za Dar kwenda Bukoba moja kwa moja zilikuwa zimejaa, ila palikuwa na nafasi ya Dar kwenda Mwanza Jumatano jioni, na nyingine ya Mwanza kwenda Bukoba Alhamisi asubuhi. Nikaandika kwenye simu kuuliza umbali kati ya uwanja wa ndege wa Mwanza na wa Bukoba. Jibu likaja hapo hapo: kilomita 175, dakika 40.

"Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa Bukoba," nikamwambia. "Saa tano na nusu nitakuwa nyumbani."

"Saa nne yetu au ya huko kwenu?"

"Yetu, Baba mkubwa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ukilala Mwanza Jumatano, si bora alfajiri upande gari? Huku mvua haikatiki."

Nilimjibu kwa heshima, lakini moyoni nilimwona mzee wa zamani. Gari ni saa nane, tisa, kulizunguka ziwa, tena na kivuko njiani. Ndege ni dakika 40. Dada naye alinitumia ujumbe mfupi: "Kwa nini usipite Entebbe?" Sikuujibu hata. Entebbe ni Uganda, mimi naenda Tanzania. Ndivyo nilivyowaza, mtu mzima mwenye shahada. Mazishi yakapangwa Alhamisi saa nane mchana.

Sasa nieleze namba ile ni ya nini, maana haikuwa ya uongo. Uwanja wa Mwanza uko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, ule wa Bukoba kama nyuzi moja na theluthi. Ukivuta uzi ulionyooka kutoka mmoja hadi mwingine juu ya mviringo wa dunia, uzi huo unaelekea kaskazini-magharibi barabara, na karibu wote uko juu ya maji na visiwa vya Ziwa Victoria. Urefu wake ni kama kilomita 175. Hesabu hiyo kompyuta huifanya bila kujua kama kati ya viwanja hivyo kuna ziwa, mlima au vita. Haijui hata kama leo kuna ndege.

Dakika nazo zinapatikana hivi. Kurasa nyingi za namna hiyo huchukua umbali, zikaugawa kwa kasi ya ndege, kisha zikaongeza muda kidogo wa kupaa na kutua. Ndege za mapanga zinazokwenda Bukoba zikishatulia angani hukimbia kama kilomita 500 kwa saa. Kwa hesabu kavu, kilomita 175 ni dakika 21. Ongeza kutambaa uwanjani, kupaa, kugeuka, kushuka na kuuelekea uwanja, unapata 40 au 45. Shirika likiandika muda kwenye tiketi, linahesabu tangu ndege inapoanza kusogea pale iliposimama hadi itakaposimama tena upande wa pili. Kabla ya hapo hakuna kinachohesabiwa, na baada ya hapo pia.

Kazini siku zote tunawafundisha wanafunzi jambo hili. Joto la mwili likisoma 37, umejua joto la mwili. Hujajua kama mgonjwa amekula, amekojoa, au usiku alikuwa anaongea na marehemu. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha wengine hivyo nikaichukua namba moja nikaifanya ndiyo mgonjwa mzima.

Manchester hadi Doha ni saa saba hivi, Doha hadi Dar ni kama sita. Jumatano saa nane mchana nilikuwa Dar, nimevimba miguu, begi langu likichelewa kutoka. Tiketi zangu za ndani nilizinunua mbali na ile ya nje, kwa hiyo begi halikupitiliza. Nililichukua mwenyewe, nikahama kutoka jengo la ndege za nje kwenda la ndege za ndani, nikalipia kilo zilizozidi kwa sababu ndege ndogo huruhusu mzigo mdogo. Jioni nikafika Mwanza. Nililala kwa shangazi, Ilemela, karibu na uwanja. Shangazi yeye alikwishatangulia msibani kwa basi tangu Jumanne. Jambo hilo nalo lilitosha kuniambia kitu.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi nilikuwa uwanjani. Ndege ilikuwa ya saa tatu na nusu. Mwanza palikuwa na jua la kupambazuka, ziwa limetulia kama maji ya beseni, nikamtumia dada picha. Akajibu kwa picha ya kwao: huoni hata migomba ya jirani kwa mvua.

Saa tatu wakatutangazia kwamba tunasubiri hali ya hewa ya Bukoba. Saa nne wakarudia. Saa tano tena. Mhudumu wa kaunta, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alikuwa akituambia kila mara "muda si mrefu." Pembeni yangu alikaa mzee mwenye koti zito na fimbo, anarudi kwake Kanyigo kutoka matibabu. Nikamweleza safari yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, Bukoba haifikiwi kwa saa. Bukoba inafikiwa kwa siku."

Saa sita kasoro robo safari ikafutwa.

Nilikasirika, ndiyo. Nililia pia, mbele za watu. Lakini rubani sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Uwanja wa Bukoba uko mjini kabisa, kando ya maji, ndege ikija kutoka ziwani inashuka juu ya mawimbi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam iliangukia ziwani ikijaribu kutua hapo katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43, na 19 wakafariki. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kila mtu wa Kagera ana mtu wake aliyeguswa na siku ile, au anamjua mwenye mtu. Rubani akisema leo siendi, mimi nani nimwambie dakika 40?

Kosa lilikuwa la kwangu, la mpango. Nilipanga safari ya mazishi, ambayo hairudiwi, kwa namna mtu anavyopanga safari ya matembezi. Sikuacha nafasi ya siku mbaya hata moja.

Nikampigia kaka aliyeko Mwanza, akanitafutia gari dogo na dereva. Saa sita na robo tukaondoka. Niwaelezee njia, maana vijana wetu waliozaliwa huku wanaiona ramani tu. Ziwa pale linaingiza mikono yake nchi kavu. Mkono mmoja, ghuba ya Mwanza, unaukata mji kutoka magharibi. Barabara inateremka kusini hadi Kigongo, na wakati ule ulivuka kwa kivuko hadi Busisi. Kisha Sengerema, Geita, Katoro, Chato, unaizunguka pembe ya kusini-magharibi ya ziwa, ndipo unapanda kaskazini kupitia Muleba hadi Bukoba. Kilomita 175 za angani zinageuka kuwa zaidi ya 400. Kwangu mimi ongeza nyingine kama 50 kutoka Bukoba hadi Kyaka.

Kigongo tulikuta foleni ya malori. Kivuko kimoja kilikuwa kimetoka tukikiona mgongo. Mbele yetu, juu ya maji, lilikuwa limesimama daraja jipya lililokuwa likijengwa, nguzo na nyaya zake, urefu wa kilomita tatu, karibu kumalizika na bado halipitiki. Tulikaa pale saa nzima tukiliangalia. Dereva alinunua sangara wa kukaanga, akanigawia, nikashindwa kumeza.

Labda mtauliza, na meli je? Meli ya usiku ipo kihistoria: unapanda Mwanza jioni, unashuka Bukoba asubuhi. MV Victoria ilisimama miaka kadhaa, ikarudi mwaka 2020 baada ya kukarabatiwa. Kwa ratiba yangu haikunifaa. Tena kwetu meli ni habari nzito. Mama hajakanyaga meli tangu 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu. Nilikuwa mtoto, nakumbuka redio imewashwa mchana kutwa na Baba amekaa nje hataki chai. Watu wa pande zetu tumelipia ziwa hili majini na angani. Ndiyo maana wazee wakisema "panda gari," si kwamba hawajui kuna ndege.

Saa kumi na moja kasoro jioni tulikuwa tunaikaribia Chato. Dada akapiga. Walikuwa wamesubiri tangu saa nane. Watu wametoka mbali, wengine Karagwe, wengine Masaka kule Uganda kwa ndugu wa bibi, na mawingu yalikuwa yanarudi. Giza halizikiwi.

"Baba mkubwa anauliza," dada alisema, "tuendelee?"

Nikasema endeleeni. Ningesema nini? Hakuikata simu. Aliiweka juu juu mkononi ili nisikie. Nilisikia wimbo, nikasikia katekista, nikasikia mtu anasema "pole pole, shikeni huku." Mtandao ukakatika tulipoingia bondeni, ukarudi, ukakatika. Uliporudi mara ya mwisho nilisikia majembe tu. Dereva alikuwa amezima redio tangu Geita bila mimi kumwomba.

Nilifika nyumbani saa nne kasoro usiku. Baba alikuwa amelala kwenye kibanja, nyuma ya nyumba, karibu na babu, udongo bado mbichi na maua yamelowa. Mama alinishika mkono akanipeleka na tochi. Hakunilaumu. Baba mkubwa ndiye aliyeongea, kesho yake asubuhi, akiwa anamenya ndizi na kisu kidogo kama mwanamke, jambo ambalo hufanya akiwa na huzuni.

"Ungetoka Mwanza saa kumi na mbili asubuhi," alisema, "saa tisa ungekuwa hapa. Tungekusubiri hiyo saa tisa."

Hakuongeza neno. Sikuwa na la kujibu, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Gari la saa tisa lilikuwa fupi kuliko ndege ya dakika 40.

Baadaye, usingizi ukinikataa, nilichukua ramani nikaupima tena uzi, safari hii kutoka Entebbe. Entebbe hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka ni chini kidogo ya kilomita 170. Yaani Bukoba iko karibu zaidi na Entebbe kuliko na Mwanza! Miaka yote nimeishi nikidhani Mwanza ndio mlango wetu. Tena kwa wale wa upande wetu wa Kyaka na Missenyi, barabara itokayo Uganda inakufikisha nyumbani kabla hujafika Bukoba. Dada, ambaye hajawahi kupanda ndege, alilijua hilo kwa sababu anauza maharage Mutukula na anaona magari ya Kampala kila siku.

Lakini nisijidanganye. Hata kama ningemsikiliza Jumanne ile, nisingeweza. Uganda inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano. Na Tanzania nayo inaidai kwa mtu anayeingia akitokea nchi zenye ugonjwa huo, Uganda ikiwemo. Yangu ilikuwa kwenye sanduku la Mama, niliiacha pale nilipohama. Nilichanjwa tangu chuoni na chanjo hiyo siku hizi inahesabiwa ya maisha, ila bila kadi mkononi mtu wa mpakani hana jinsi ya kujua. Na ukisema uchanje upya siku ya msiba, cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Mimi muuguzi! Nawachoma sindano watu wazima na watoto, na kadi yangu imekaa miaka minane chini ya vitenge.

Agosti 2025 nilikwenda tena, kumwona Mama na kujengea kaburi. Safari hii nilipita Entebbe. Nilitua mchana, dereva wa kukodi aliyetafutwa na dada akanipokea. Barabara ya kulipia inayotoka Entebbe inakutoa upande wa barabara ya Masaka bila kuingia katikati ya Kampala, na huko ndiko magari hukwama. Kayabwe tulivuka ikweta. Kuna alama ya duara pale, watalii wanasimama ndani yake wakipigwa picha, na dereva akaniuliza kama nami nataka. Nikapiga, kwa nini nisipige? Masaka tulikula matoke kwa karanga. Kisha Kyotera, kisha Mutukula.

Magari ya kukodi kuvuka mpaka yana makaratasi yake, kwa hiyo tuliagana pale. Nikavuka kwa miguu na begi la magurudumu. Ofisi za nchi zote mbili ziko pamoja, unatoka dirisha moja unaingia jingine. Waliniomba pasipoti na kadi ya njano, nikaitoa kama mtu anayetoa cheti cha ndoa. Shemeji alikuwa ananisubiri ng'ambo. Nusu saa baadaye tulikuwa nyumbani, Mama hajalala. Kutoka ndege ilipogusa ardhi hadi kikombe cha kahawa mkononi ilikuwa saa saba na kidogo. Namba hiyo hutaipata kwenye ukurasa wowote, kwa sababu ni ya kwetu tu, ya nyumba ile.

Anayetumia pasipoti ya Uingereza akumbuke kwamba njia hii ni viza mbili, ya Uganda na ya Tanzania, na ile ya Uganda huombwa mapema kwa mtandao. Mimi bado nina ya Tanzania, nikapita kama mwana Afrika Mashariki.

Kurudi nilipita Mwanza kwa gari, kumsalimia kaka, na kwa sababu nilitaka kuliona daraja. Lilifunguliwa Juni 2025, sasa linaitwa Daraja la J.P. Magufuli. Nilimwomba dereva aende taratibu. Hata alivyokwenda taratibu, ilikuwa dakika chache tu, na pale chini niliiona gati ya zamani ya kivuko ikiwa tupu. Ile saa nzima ya foleni, na sangara niliyeshindwa kumeza, imefutika. Umbali wa angani kati ya viwanja viwili haukubadilika hata mita moja. Uliobadilika ni muda wa mtu wa kawaida kufika.

Nimewasimulia wenzangu kazini na kanisani, na kila mmoja ana Bukoba yake. Rafiki yangu wa Wete ndugu zake wako Muscat; kutoka uwanja wa Unguja hadi wa Pemba ni kama kilomita 125, ndege ni nusu saa, lakini wakifika Unguja magharibi imeingia na hakuna ndege, ni kulala. Dada mmoja wa Arusha alinunua tiketi ya kutua Kilimanjaro na nyingine ya kuondokea uwanja mdogo wa Arusha, akidhani ni mlango wa pili wa jengo lile lile. Kati yake ni kama kilomita 50, na barabara ina malori. Alifika akiwa amevua viatu.

Nikiulizwa na mwanafunzi anayekwenda nyumbani, huwa nauliza kwanza: ni safari ya kwenda kuona watu, au ni safari ya siku moja isiyorudi? Kama ni ya kuona watu, nunua ya bei nafuu, chelewa, lala Dar, ule chipsi mayai. Kama ni ile nyingine, mpigie mtu anayeishi pale, si aliyehama. Muulize wiki hii watu wanapita wapi, mvua ikoje, na ndege ya mwisho ni saa ngapi. Kisha waambie wazee saa mbaya kabisa, usiwaambie saa nzuri. Wao watapanga mazishi kwa neno lako. Mimi niliwaambia saa tano na nusu, wakaamini, kwa sababu nimesoma.

Mama sasa ana miaka 74 na shinikizo la damu. Tunaongea kila Jumapili. Namuuliza dawa, namuuliza chumvi, ananijibu kwa kifupi kwa kuwa anajua maswali yangu yote. Halafu zamu yake inafika, naye ana swali moja tu ambalo hakuwahi kuniuliza zamani.

"Kadi yako ya njano iko wapi?"

"Ipo ndani ya pasipoti, Mama. Nimeifunga na mpira."

"Ioneshe."

Naigeuza kamera, naionesha.